Aliyeshika Linta

Jua lilikuwa linaaga Mama Bonge alipokwenda kurudisha ndoo ya mafundi. Waliisahau kwake majuma mawili yaliyopita, walipombadilishia dirisha. Aliiosha vizuri, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia. Hakuwa na haraka. Tangu amzike mumewe, miezi minne sasa, hakuna kilichomtia haraka. Alikula akipewa. Alilala giza likiingia. Hata kulia kulimshinda.

Kule kwenye jengo mafundi walikuwa wameshaondoka. Alimkuta mkaguzi peke yake, yule waliyemwita Mzee Timazi, kwa kuwa hakuna ukuta aliouamini kabla hajaupima kwa uzi wake wenye kipande cha chuma.

"Dirisha linaendeleaje, binti yangu?"

"Zuri, baba. Kifua cha mtoto kimeacha kukoroma. Ila kwenye kona ya juu kushoto panatoka maji kila jioni. Leo siku ya nne. Nafuta tu kwa kitambaa."

"Mvua haijanyesha mwezi mzima."

"Ndiyo. Tena maji yenyewe ni ya vuguvugu."

Mzee aliacha kukunja uzi.

"Na nguzo walizosimamisha chini ya linta, bado zipo?"

"Waliziondoa siku nne zilizopita. Walisema nipate nafasi ya kitanda cha mtoto."

Mzee akaokota mfuko wake wa vifaa. Wakaongozana hadi nyumbani kwa Mama Bonge.

Dirisha lile lilikuwa wema mtupu. La zamani lilikuwa dogo, mbao zimeoza, na mtoto alikuwa hapati hewa. Mumewe, fundi mwashi, alipanga kulibadilisha mwenyewe. Alikuwa ameshamimina linta, ile boriti ya zege inayolala juu ya dirisha na kubeba ukuta, akaiacha uani ikauke. Kisha ukuta wa nyumba ya watu ukamwangukia kazini. Wenzake walipokuja kuimalizia kazi yake, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiacha linta aliyoimimina kwa mikono yake. Waliitumia hiyo hiyo. Na kwa kumhurumia mtoto, dirisha wakalipanua shubiri moja zaidi.

Mlangoni Mzee alivua viatu vyake vya kazi, asimwamshe mtoto kwa kishindo. Soksi yake ilikuwa imetoboka kisigino, ikashonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Mama Bonge aliiona. Kuna mtu anamjali huyu, aliwaza.

Chumba kilinuka saruji mbichi.

Na jasho.

Mzee akaning'iniza uzi wake. Ukuta ulikuwa wima. Akachukua nyundo ndogo, akaanza kuigonga linta kutoka kulia kwenda kushoto. Ko. Ko. Ko. Ko...

Bwi.

Akarudia. Bwi.

Akabandua plasta taratibu mpaka likatokea tundu la ukubwa wa sahani. Akamulika kwa tochi. Upande wa kulia linta ilikuwa imelala juu ya matofali kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto iliishia ukingoni mwa dirisha. Ilikuwa fupi. Pengo lilizibwa kwa plasta, na plasta haibebi ukuta.

"Imelala juu ya nini?" aliuliza Mama Bonge.

"Juu ya hewa. Ukuta huu ulipaswa kuanguka siku nne zilizopita, saa ile ile walipotoa nguzo."

Akaingiza mkono kwenye tundu, apime kina. Akatulia... Kisha akautoa polepole. Ulikuwa umelowa hadi kiwiko.

"Kuna bega," alinong'ona.

Mama Bonge alilisikia neno hilo kama mtu anavyosikia habari za mji wa mbali. Hakuogopa. Aliwaza tu: kumbe hakwenda mbali.

"Ni yeye," alisema.

"Usimwite."

Mzee alitoka uani, akarudi na nguzo mbili. Akazisimamisha chini ya linta, akazikaza kwa vipande vya mbao vilivyochongwa, akagonga mpaka mbao zikalia. Kisha akaishika nguzo moja kwa vidole viwili.

Ikacheza.

Akaishika ya pili. Nayo ikacheza.

"Hazijabeba kitu," alisema. "Hajaachia."

"Hajaachia kwa sababu hajaambiwa."

Aliijua sheria hiyo ya mafundi. Wakipokezana mzigo mzito, wa kwanza haachii mpaka wa pili atamke kwamba amepokea. Mumewe aliileta mpaka jikoni. Akimpa sufuria ya maji ya moto, huing'ang'ania. "Sema kwanza." "Nimepokea, bwana we, unaniunguza." "Ahaa. Sasa naachia."

"Nguzo haina mdomo," alisema Mama Bonge.

"Na mtu asiseme. Anayesema ndiye anayebeba." Mzee akajifuta mkono kwenye suruali. "Mpeleke mtoto nje. Nitasema mimi. Nimekula chumvi ya kutosha."

Mama Bonge alimtazama yule mzee na soksi yake iliyoshonwa. Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwake.

"Mshikie Bonge, baba. Simama naye mlangoni."

"Binti yangu..."

Alikuwa ameshapeleka mdomo kwenye tundu. Pumzi ya moto ilimpiga usoni. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyechoka sana.

"Nimepokea, baba Bonge. Achia upumzike."



Kisha ukuta ukashuka. Nusu ya unene wa kidole, si zaidi. Nguzo zikalia. Vumbi likamwagika. Na mle ndani ya tundu, karibu kabisa na sikio lake, sauti ikajibu:

"Asante, dada."

Haikuwa sauti ya mumewe.

Mumewe hakuwahi kumwita dada. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu asiyemjua, na ilikuwa na kicheko ndani yake, kama mtu aliyemtwika mwenzake na kuondoka kabla hajaulizwa ni wapi mzigo unakwenda. Nje, nyayo tupu zilisikika zikizunguka nyumba upesi upesi. Geti likalia. Hata Mzee alizisikia. Hawakutazamana.

Mama Bonge alihisi kitu kinamkalia bega la kushoto. Hakikuuma. Kilikuwa kizito tu.

Kesho yake mafundi wote walikuja. Walijenga matofali pale palipokosekana, wakamimina zege, wakashindilia. Yule aliyetoa wazo la kupanua dirisha alilia mbele ya wenzake bila aibu, na hakuna aliyemcheka. Mke wake alileta uji kwenye chupa, asubuhi na jioni, mpaka majuma mawili yakaisha.

Siku ya kutoa nguzo Mzee Timazi aliwaamuru wote watoke. Walisimama uani. Waliisikia nguzo ya kwanza ikitolewa. Kisha ya pili. Ukuta haukucheza. Wakamsikia akigonga linta kutoka kulia kwenda kushoto, ko, ko, ko, mpaka mwisho. Zege tupu.

"Imekaa," alisema dirishani.

Fundi mmoja akamrusha Bonge juu, akamdaka, na mtoto akacheka. Mama Bonge akakumbuka jirani, aliyeuliza habari za dirisha kila siku. Akafungua geti aende akamwambie. Akapiga hatua ya kwanza barabarani.

Nyuma yake kitu kililia, kama kijiti kikavu kinapovunjwa.

Aligeuka. Mzee alikuwa ameshatoka uani, amebandika viganja vyote viwili ukutani juu ya dirisha, kichwa kimejaa vumbi. Ufa mweusi ulikuwa unapanda juu ya linta ile ile nzima, kwenye zege lile lile jipya. Hakupaza sauti.

"Binti yangu. Rudi... Polepole. Rudi ndani."

Akarudi. Ufa ukasimama.

Mzee hajui kwa nini mzigo bado uko kwake. Amekuja mara tano, amepima, amegonga, amekagua mpaka msingi. Ukuta uko wima, zege limeshika. Kila akiondoka humuuliza mama yule kwa sauti ya chini kama anataka kupokewa mzigo, na kila mara Mama Bonge hutikisa kichwa, humwekea maji ya kunawa mikono.

Kutoka dirishani hadi getini ni hatua kumi na tano. Mama Bonge anazijua zote; ya kumi na sita hawezi kuipiga. Bonge ameshaanza kutembea, na kitu anachokipenda kuliko vyote ni geti.