Malakiti Ndani ya Akwariamu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Bibiane alihudumia akwariamu ya mjomba wake Barthélemy, fundi wa friji katika mtaa wa Kikula. Maji ya chumvi hupungua kwa joto lakini chumvi yenyewe haiondoki, kwa hiyo aliongeza maji matamu yaliyochujwa hadi kwenye alama. Kisha aliwasalimu wenyeji: samaki wawili wa rangi ya machungwa, kamba wawili wekundu wenye maringo, na matumbawe yaliyochanua kama maua.

Alhamisi hiyo hakumaliza salamu. Kamba mmoja alikuwa amekufa, wa pili akiyumbayumba. Matumbawe yalikuwa yamenywea. Nyuma ya matumbawe kulikuwa na jiwe la malakiti, la kijani maridadi, alilolitia yeye juzi kwa siri ili kupamba. Amri ya mjomba aliijua fika: kitu chochote kisiingie mle bila kumuuliza.

Alimwita mjomba, naye akaja mbio, akainama kwenye kioo.

"Aah! Iko juu ya courant. Jana ilikatika, pompe ikasimama. Nitaitosha, nitengeneze."

Kwake kosa lilikuwa umeme kukatika; akashika bisibisi aifungue pampu. Bibiane alilitazama lile jiwe. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Pampu ndiyo itakayobeba lawama. Lakini yule kamba wa pili alianguka ubavu, akajikokota kuinuka tena. Bibiane hakuweza kuvumilia.

"Tonton," alisema, "haiko pompe. Njo miye. Niliweka libwe mu mayi. Malakiti."

Mjomba alitumbukiza mkono bila hata kukunja mikono ya shati, akalitoa jiwe.

"Mama yangu! Hii iko na shaba ndani! Shaba mu mayi ya chumvi inaua crevette, inaua ma-corail!"

Hakumgombeza zaidi, hapakuwa na nafasi. Walichanganya maji mapya na chumvi ya bahari ya pakiti, wakabadilisha nusu ya maji, wakaweka makaa ya kuchujia. Bibiane alikwenda shule roho juu, wala hakusikia hata neno moja la somo la hesabu.

Jumapili, walipotoka kanisani, matumbawe yalikuwa yameanza kufunguka. Kamba aliyebaki alitembea juu ya mwamba. Bibiane alilia kwa furaha. Mjomba akamvuta karibu.

"Sikia, mutoto yangu. Libwe, haukujua. Lakini kuficha, ulijua. Kama haungesema, ningetengeneza pompe, na byote bingekufa miye niko naangalia. Ukikosea, sema mbio, wakati bitu biko bado bizima."