Boti Iliyomtosha Malek

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Juni, mwaka elfu mbili ishirini na nne, saa kumi na mbili na robo jioni. Zabibu anaijua saa hiyo kwa sababu aliitazama. Mkono wa kushoto ulishika simu, akihofu swala ya magharibi isimpite. Mkono wa kulia ulishika ncha ya tete.

Mkono ule wa kulia hajausamehe mpaka leo.

Mumewe aliitwa Malek, mwenye duka la vitambaa pale Kanyenye, mjini Tabora. Mababu zake walitoka Bara Hindi na bidhaa, yeye akazaliwa Tabora, akasoma Tabora, akaoa Tabora. Na alikuwa mnene. Si ule unene wa kuambiwa "siku hizi umenawiri". Malek alikuwa na kilo mia moja arobaini na mbili. Mlangoni aliingia ubavu ubavu. Kiti cha plastiki hakukikalia mpaka avipachike viwili, kimoja ndani ya kingine.

Watu walimpenda na watu walimcheka. Mambo hayo mawili hukaa nyumba moja bila kugombana.

Miaka mitatu nyuma walikwenda Kigoma harusini. Wakataka kwenda kijiji cha pili kwa boti ya abiria. Malek alipokaa, boti ikalala upande. Nahodha akapaza sauti, "Mzee, shuka! Wewe ni watu watatu, utatuzamisha." Boti nzima ikaangua kicheko. Malek akashuka, maji yakamfika magotini, suruali yake ya harusi ikalowa.

Na Zabibu? Zabibu alibaki amekaa. Alitazama ziwa kana kwamba yule mtu hamjui.

Malek hakumlaumu hata siku moja. Ila tangu siku ile akaweka nia ya kupata boti yake mwenyewe. Hakutaka ya kuvulia wala ya biashara. Alitaka ya kutembelea, yeye na mkewe, wazunguke Ziwa Tanganyika taratibu na kulala humo humo. Akanunua daftari na kuandika anachotaka. Mlango wa kupita kifua mbele. Ngazi yenye pa kushika pande zote mbili. Kiti kisicho na mikono. Choo ambacho mtu anaweza kugeuka ndani yake. Na kitanda kipana, "nisimbane Zabibu ukutani". Hilo la mwisho alilipigia mstari.

Wakatafuta. Kigoma walioneshwa boti nne, zote zimeundwa kwa ajili ya mtu mwembamba. Mwanza ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Malek alikwama kwenye tundu la kushukia chumba cha chini. Wanaume watatu na chupa ya mafuta ya kula ndivyo vilivyomtoa. Muuzaji akaenda nje kucheka, lakini hakwenda mbali vya kutosha.

Dukani walimtania. "Malek, ukiingia ziwani uwape taarifa Wakongo, maji yasije yakawafurika." Akacheka nao. Alipofunga duka, hakucheka.

Ndipo Mhoja, muuza mbao wa Ng'ambo, alipomwambia kuna fundi huko Goweko, kwenye njia ya zamani ya misafara. Anaunda kwa kipimo cha mwili wa mtu. Kazi ikiisha, boti hufunguliwa vipande vipande, ikapelekwa ziwani.

"Fundi wa boti Goweko?" Zabibu akauliza. "Goweko kuna maji gani?"

"Shemeji," Mhoja akamjibu, "hata jeneza huundwa mbali na kaburi."

Wakacheka wote watatu.

Jumanne ile wakatoka na pikapu baada ya swala ya alasiri. Walipita mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa, kisha wakaingia njia nyembamba ya mchanga mwekundu, katikati ya miyombo. Jua lilikuwa limeshuka. Hakukuwa na ndege hata mmoja.

Kwanza ikaja harufu.

Maranda mabichi ya mninga. Na chini yake harufu nyingine... ya matope, ya samaki, ya ufukwe. Ziwa lilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa treni.

Fundi alikuwa amesimama uwanjani peke yake. Mzee mwembamba, mabega yake yote mawili yana sugu nene, kama ng'ombe wa kulimia. Malek akatoa salamu ya Kiislamu. Hakujibiwa. Zabibu akasema, "Shikamoo, mzee."

"Mmefika," akasema fundi.

Hakusema marahaba. Zabibu aliliona hilo. Aliona pia kwamba mchanga chini ya nyayo za mzee ulikuwa umelowa, na huo ulikuwa mwezi wa kiangazi.

Nyuma yake, juu ya magogo, ilikuwapo boti.

Mungu atusamehe, ilikuwa nzuri. Pana, tumbo lake limekaa chini vizuri, mbao zimelazwa moja juu ya nyingine kama magamba. Ngazi ilikuwa na pa kushika pande zote mbili. Malek akapanda. Haikulia. Akafika mlangoni, akasita kama alivyozoea, akaanza kugeuka ubavu. Kisha akaacha. Akapita kifua mbele.

Akapotelea ndani. Zabibu akasikia kicheko, kile cha kijana aliyemposa zamani.

"Zabibu! Njoo uone! Nimelala... sijagusa popote! Mwanamke, sijagusa popote!"

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Ndiyo hii," akamwambia fundi. "Hii hii."

"Hiyo ni ya mfano. Yako sijakupima."

Malek akatoa mfukoni futi yake ya dukani. Aliwapimia watu vitambaa maisha yake yote, hakuona ajabu kupimwa. Lakini fundi akakataa kwa kichwa, akachomoa kwenye magogo tete refu, bichi, linalodondosha maji.

"Lala chini."

Hapa ndipo pa kueleza jambo moja. Kwao Zabibu, mtu aliye hai hapimwi kwa tete akiwa amelala. Tete la kupima ni la maiti. Hupimwa mwili, likakatwa, wachimbaji wakaenda nalo makaburini ili wajue mwanandani, lile shimo la ndani la kulazia maiti, uwe na urefu gani. Maiti akishalazwa, tete huvunjwa na kuachwa kule kule. Halirudi nyumbani. Zabibu alijua hayo tangu utoto.

Alijua.

Lakini mumewe alikuwa amelala mavumbini, tumbo juu, anahema, na yeye aliona aibu. Aibu ile ile ya Kigoma. Alitaka mambo yaishe wapande gari.

"Mama, shika ncha hii kichwani kwake," akasema fundi. "Anayeshika ndiye shahidi."

Akashika. Akatazama simu. Saa kumi na mbili na robo.

Fundi akakata tete la urefu. Akachukua la pili, akapima upana, polepole, mara mbili. "Upana ndio kazi," akanong'ona. Halafu akauliza, "Abiria wangapi?"

"Mimi na mke wangu."

"Nafasi itabaki."

"Na ibaki!" Malek akasema kwa furaha, akijikung'uta mchanga. "Maisha yangu yote nimekosa nafasi. Wakija wageni, wakae."

Fundi akageuza shingo. Akatazama kichakani, kama mtu anayewauliza wenzake: mmesikia?

Kichakani, kitu kikapiga maji. Chubwi.

Matete alibaki nayo fundi. Hawakuyadai.

Wiki ya kwanza Malek alikuwa na furaha. Wiki ya pili akawa mkimya. Akiamka kutoka usingizi wa mchana, nyayo zake zilikuwa zimelowa, na shuka lina mchanga. "Wanaunda haraka," alimwambia mkewe. "Wamebakiza ubavu mmoja."

"Wao nani? Si fundi mmoja?"

"Wako wengi, Zabibu. Wamechoka sana, maskini."

Wiki ya tatu, Jumanne, tarehe mbili Julai, Zabibu akapanda gari kwenda Goweko bila kumuaga. Karibu na stesheni akamkuta Bi Kabula, muuza asali, mkongwe wa pale. Akamuuliza habari za fundi wa boti. Bi Kabula akafunika ndoo yake kwanza.

"Mmempa kipimo?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwili mwembamba au mpana?"

Zabibu akatanua mikono yake miwili. Bi Kabula akatema mate pembeni.

"Zamani, mwanangu, ilipita boti hapa. Boti ya watu wa pwani, imekatwa vipande, inabebwa mabegani kwenda ziwani. Mbeba mzigo akianguka, mzigo huchukuliwa na mwenzake. Yeye huachwa. Hawakufukiwa hao. Hakuna aliyewapima. Basi babu zetu walisema wanatafuta pa kulala. Kaburi la mtu mwembamba humtosha mwenyewe. La mtu mpana, akiwakaribisha..."

Akaivuta ndoo yake karibu.

"Na yule fundi ni nani?"

"Mimi simjui. Wala wewe humjui. Nenda kavunje hilo tete la kipimo kabla boti haijaisha. Usigeuke nyuma."

Alifika uwanjani jua likishuka. Boti haikuwapo. Palikuwa na maranda tu, na magogo yamelowa, na nyayo. Nyayo za miguu mitupu, nyingi, zote zimeelekea upande mmoja. Mjini.

Tete refu lilikuwa limechomekwa ardhini. La pili hakuliona. Akalichomoa lile refu, akasema Bismillahi, akalivunja juu ya goti.

Simu ikalia.

Alikuwa Sabiri, mchimba makaburi wa msikiti wao. "Shemeji, uko wapi? Malek ameanguka hapa, akitawadha. Shemeji... inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Zabibu akaitazama simu. Saa kumi na mbili na robo.

Mpaka leo hajui kama alichelewa kulivunja. Au kama hakupaswa kulivunja kabisa. Kwa sababu kwao tete la kipimo huvunjwa mara moja tu: maiti akishalazwa.

Malek akazikwa kesho yake. Zabibu akaingia eda. Siku ya arobaini Sabiri akaja, akakaa upande wa pili wa pazia. Alikohoa muda mrefu kabla ya kusema.

"Shemeji, nimeona nisikufiche. Nimechimba makaburi miaka kumi na tisa. Julai ardhi ya hapa ni chuma. Siku ile jembe lilizama kama kwenye uji. Tulipofika chini, mwanandani ulijifungua wenyewe. Mpana. Wa watu wanne, watano. Na sakafu yake imelowa."

"Na jeneza?" Zabibu akauliza. "Lilikuwa zito?"

"Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Tulijiandaa kwa uzito, unajua tena marehemu. Likawa jepesi, kama linaelea. Nikatazama mabega chini ya jeneza. Mabega yalikuwa mengi kuliko watu tuliotoka nao msikitini. Mabega yenye sugu."

Pazia likatikisika. Hapakuwa na upepo.

"Alilalaje?" akanong'ona.

"Vizuri, shemeji. Alilala hajagusa popote."

Zabibu akaziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Na kitu kimoja zaidi," Sabiri akaendelea. "Kile kipimo chetu tulikivunja, kama desturi. Lakini kulikuwa na tete jingine humo ndani, zima, bichi. Vijana wakaogopa kulivunja bila kujua ni la nani. Nikasema ni mali ya wafiwa. Nimekuletea."

Akalipitisha chini ya pazia, kisha akaaga.

Si kosa la Sabiri. Hakuwapo Goweko. Lakini tete lilikuwa limerudi nyumbani.

Zabibu alidhani ni lile la upana. Akalisimamisha ukutani ili aone. Lilikuwa refu mno kwa upana. Na lilikuwa fupi mno kwa Malek. Akakaa akilitazama. Kisha, polepole, akavua ndara, akasimama kando yake, mgongo umegusa ukuta.

Ncha ya chini ilikuwa sawa na kisigino chake.

Ncha ya juu ilikuwa sawa na utosi.

Abiria wangapi? Mimi na mke wangu.

Hakulivunja. Hawezi kulivunja, na hawezi kulitupa. Amelifunga kwa khanga, liko juu ya kabati. Mwaka umepita na bado ni bichi. Asubuhi nyingine khanga huwa imelowa, na chumba kinanuka ufukwe. Anapoisikia harufu ile haogopi kama mnavyodhani. Anamkumbuka mtu aliyepigia mstari kitanda kipana, asimbane mkewe ukutani, na anaona uchungu kwamba safari hii hataweza kubaki amekaa akitazama ziwa.

Kila Alhamisi baada ya magharibi humsomea Yasini, halafu huinua mikono. Dua ya marehemu anaijua kwa moyo, ila kuna maneno mawili hawezi tena kuyatamka. Pale pa kuomba marehemu aoshwe kwa maji, huruka. Na pale pa kusema "umpanulie kaburi lake", huacha, akaomba kwa maneno yake mwenyewe.

Ee Mola wangu, msamehe Malek, umrehemu, umpokee kwa ukarimu wako, maana duniani watu walimcheka na mimi nilinyamaza. Mpe mahali pakavu. Na wale walioachwa njiani bila sanda na bila kipimo, usiwasahau, ya Rabbi. Wape kila mmoja kaburi lake. Kila mmoja lake, Mola wangu. Kila mmoja lake. Amina.