Moyo Unaniuma

Kabla hakujapambazuka, Sindano alisikia mfuniko wa sufuria ukigongagonga. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu utotoni, alikuwa anachemsha chai. Sindano, msichana aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alijikunja kitandani akajifanya amelala.

Jana aliunguza gauni la mteja kwa pasi, kisha akasema amelikuta hivyo hivyo. Shangazi hakumgombeza. Alimtazama tu, akakata kitambaa kingine, akashona mpaka akachoka hoi.

"Mwanangu," shangazi alisema akimwekea kikombe, "moyo unaniuma."

Sindano aliinamisha uso. Alijua anasemwa. Aliona jasho kwenye paji la uso la shangazi ingawa kulikuwa na baridi, akaona anavyousugua mkono wa kushoto, lakini hamu yake ilikuwa kuondoka kabla hajaulizwa habari za gauni. Alikunywa chai nusu, akaaga akiwa ameshafika mlangoni.

Darasani, mwalimu wa sayansi alichora moyo ubaoni. Alieleza kwamba unakaribia ukubwa wa ngumi ya mwenyewe na una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Upande wa kulia huipeleka kwenye mapafu ikachukue hewa safi, na wa kushoto huisambaza mwili mzima. Vali zake ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Mwanafunzi mmoja mcheshi akauliza mapenzi yanakaa chumba kipi. Mwalimu akamjibu kwamba hayo yamepanga kwenye ubongo, darasa likaangua kicheko.

"Lakini moyo wenyewe ni msuli, nao unalishwa na mishipa yake midogo," akaendelea. "Mshipa ukiziba, mtu huumwa kifuani, maumivu yakashuka mkono wa kushoto, akatoka jasho la baridi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, maana msuli unakufa huku mkimtazama."

Sindano aliacha kucheka. Alisimama bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, shangazi kaniambia moyo unamuuma. Nikadhani ananisema, kwa sababu nilimdanganya."

Mwalimu hakuuliza alidanganya nini. Aliuliza nyumbani ni wapi, akaiweka chaki, akaomba gari la mwalimu mkuu. Yeye na Sindano walimkuta shangazi sakafuni, kiatu kimoja mguuni, macho wazi. Jirani yao muuza mkaa alisaidia kumbeba hadi garini, akavua shati lake akalikunja kuwa mto wa mgonjwa.

Siku iliyofuata Sindano aliruhusiwa kuingia wodini. Daktari alimweleza taratibu kwamba mshipa umezibuliwa, ila sehemu ya msuli wa moyo imekufa na haitaota tena. Angefika mapema zaidi, pengine wangeiokoa. Kazi ya kukanyaga cherehani kutwa nzima basi tena. Muuguzi alimsogezea kiti, naye akashindwa kukikalia.

"Shangazi, gauni niliunguza mimi."

"Najua. Nywele zako zilinuka moshi."

"Asubuhi ile ulikuwa unanisema?"

"Kifua kilikuwa kinabana, sikuwa na maneno mengine." Shangazi alivuta pumzi. "Ila na huo moyo mwingine ulikuwa unauma. Yote miwili."

Sindano alilia kimya kimya. Shangazi alimwacha alie, kisha akamshika kiganja.

"Uongo wako haukuziba mshipa wangu, usijibebeshe hilo. Lakini ulikuwa na jambo la kuficha, ndiyo maana hukunisikia. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Na mtu akikwambia moyo unamuuma, muulize ni wapi, hata kama unaogopa jibu."

Muuguzi alipita akiwaambia wageni kwamba muda umekwisha. Sindano aliuliza kama amesamehewa. Shangazi aligeukia ukuta.

"Bado nina hasira na wewe," alisema. "Hata hivyo, kesho uje tena."