Sahani ya Msumeno

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kufagia, Cheruto alijifunga kitambaa kichwani, akachukua kamba na kumshika mkono mdogo wake Jelagat, mwenye miaka sita. Waliteremka hadi kiwanda cha mbao hapa Elburgon kuokota mabanzi, vile vipande vya pembeni vyenye magome. Kwao mabanzi ndiyo yaliyoivisha chai na maharagwe.

Kiwandani kulikuwa na sheria moja tu, na hata mbuzi wa jirani waliijua. Langoni ilitundikwa sahani ya msumeno mkuukuu, pana kama sinia la harusi. Kabla ya magogo kuteremshwa kutoka kwenye lori, mzee Bethwel aliigonga kwa nyundo mara tatu. Ukisikia, unatoka uwanjani na kusimama nyuma ya ukuta. Hakuna aliyebishana na gogo.

Mwaka huo Cheruto alitimiza miaka kumi na miwili, na binamu yake Maxwel wa Nakuru akampa simu kuukuu isiyo na laini. Maxwel alikuwa ameijaza podikasti za wasichana wawili waliosimulia mikasa, wakicheka hata penye maiti. Cheruto alizisikiliza akichota maji, akikamua, akipiga mswaki. Mama alimkataza kwenda na simu kiwandani.

"Sawa, mama," alijibu. Kisha alipitisha waya chini ya sweta, akaweka visikizi masikioni na kuvifunika kwa kitambaa. Alikifunga kwa adabu hata pasta angemsifu.

Jumamosi hiyo kilikuwa kisa cha ng'ombe kumi waliotoweka bila kuacha hata unyayo. Msimulizi alikaribia kumtaja mwizi. Cheruto aliinama, akaokota banzi, akaongeza sauti. Jelagat alimvuta sketi. Cheruto aliusukuma mkono ule bila kugeuka. Jelagat akavuta tena.

Upande wa pili wa lori lililoingia na magogo, Bethwel hakuweza kuwaona.

Cheruto alihisi ardhi ikitetemeka. Alipogeuka, magogo mawili yalikuwa yamekwisha kupita, na la tatu lilikuwa limelala juu ya mguu wa Jelagat. Naandika na hili, ingawa ni baya: kabla ya kupiga magoti, Cheruto alichomoa visikizi na kuvisokomeza mfukoni.

Hospitalini Nakuru, madaktari waliukata mguu chini ya goti. Jelagat alipoamka alimwambia dadake kwa sauti ndogo, "Nilikuvuta." Cheruto alimnywesha maji.

Jumatatu, mwenye kiwanda, Bwana Kosgei, alimwita Cheruto mbele ya wafanyakazi. Wengi wao siku ile walikuwa ndani, ambako mashine hunguruma hata ukitukanwa husikii. Dereva alisema ameizoea sahani hiyo hata hajui inapogongwa.

"Wewe ulikuwa uwanjani," Kosgei alisema. "Ulisikia sahani ikigongwa?"

"Sikusikia," Cheruto alijibu.

Alisema kweli, na kweli hiyo ilimtoa Bethwel kazini kabla ya chai ya saa nne.

Wiki mbili baadaye Jelagat alikuwa amerudi nyumbani. Bethwel alikuja na mkate na maziwa. Aliyempokea ni bibi wa watoto, ambaye wote walimwita Kogo.

"Kogo, nimekuja kumwona mtoto."

"Ingia. Kiti hicho usikalie, kimeshawaangusha wazee wawili wa kanisa."

Bethwel aliketi kwenye kingine, kofia magotini. "Nimegonga sahani ile miaka kumi na tisa," alisema. "Sasa hata nikilala nahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa na hakika niligonga. Siku hizi naona labda ni mkono tu, umezoea hata unajidanganya." Alimgeukia Jelagat. "Unisamehe, mami."

Jelagat alimtazama dadake.

Cheruto aliingia chumbani, akatoka na simu na visikizi vyake, akaviweka mezani kando ya mkate.

"Uligonga, mzee. Jelagat alisikia, akanivuta sketi. Mimi nilikuwa na hivi masikioni."

Bethwel aliinamisha kichwa akalia, bila sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao tayari umemvunja mgongo.

Kogo aliichukua simu, akaigeuza mkononi.

"Kusikiliza si kosa," alisema. "Mimi redio yangu hunyamaza betri ikiisha. Lakini penye hatari, masikio yako si yako peke yako. Ni ya huyo uliyemshika mkono. Na ulipoulizwa, ulitoa nusu ya ukweli, ukaificha ile nusu ya kumwokoa mzee huyu. Vaa viatu."

"Twende wapi, Kogo?"

"Kwa Kosgei. Utayasema mbele ya wale wale."

Aliyasema yote, mbele ya wale wale. Bethwel alirudishiwa nyundo yake wiki hiyo. Mguu hakuna aliyeweza kuurudisha. Simu ilirudi kwa Maxwel, na hadi leo Cheruto hajui nani aliiba ng'ombe.

Kitanda cha Jelagat kiko dirishani, na lori likifika kiwandani mlio wa sahani hupanda hadi kwao.

"Umesikia?" Jelagat huuliza.

"Nimesikia."

"Mara ngapi?"

"Tatu," Cheruto hujibu, na siku yoyote asipojibu haraka, Jelagat humvuta sketi.