Boriti Iliyoelemewa

Benadetha alikuwa akikanda unga wa chapati alipoona vumbi jeupe likidondoka mezani. Akatazama juu. Dari ya mgahawa wao mdogo hapo Alexandria, Marekani, ilikuwa imepasuka.

"Baba Audrey, njoo uone!"

Lusekelo, mumewe, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma tangu walipokuwa Mbeya. Akapanda ngazi, akachungulia darini. Boriti moja ya chuma, iliyobeba paa, ilikuwa imepinda. Juu yake kulikuwa na kiyoyozi kipya, kizito kuliko cha zamani, na theluji ya usiku kucha.

"Nitaichomelea chuma kingine kwa chini," alisema. "Leo hii hii, kesho ufungue kama kawaida."

Alikuwa akivuta nyaya za mashine wakati jirani yao, Nkatha, alipoingia kunywa chai. Nkatha alikuwa Mkenya, mhandisi wa majengo. Alipoiona boriti, hakukaa.

"Acha hiyo mashine, kaka. Tutokeni nje sote."

Walisimama kwenye baridi. Lusekelo alikuwa amekasirika.

"Dada, kazi hii naijua. Nimechomelea mageti na matrela."

"Na mkono wako ni mzuri. Lakini geti halibebi paa. Chuma kikipata moto hulegea. Ukiilegeza hiyo boriti na mzigo wake juu, paa litawaangukia."

Lusekelo akamtazama mkewe, aliyekuwa akitetemeka na unga mikononi. Hasira ikamwisha.

"Tufanyeje basi?"

"Tufunge mgahawa. Mafundi waweke nguzo za muda, mzigo upungue. Nitapiga hesabu ya chuma kinachofaa, tuombe kibali cha mji. Ndipo uchomelee vipande vifupi vifupi, kimoja kipoe, uhamie kwingine. Usipitishe mshono wa kuchomelea kukata upana wa boriti. Na mtu akae na kizimamoto, hata mkishamaliza, maana cheche hujificha."

Benadetha alilia siku ile, akiwaza wateja wake. Lakini walifunga. Nguzo zikawekwa, kibali kikatoka, na Lusekelo akachomelea taratibu kama alivyoelekezwa. Mkaguzi wa mji akaja, akaukagua kila mshono, akaridhika.

Mwezi uliofuata theluji ilianguka kubwa zaidi. Asubuhi Lusekelo alipanda ngazi na tochi, akaitazama boriti kwa muda mrefu. Haikuwa imesogea.

"Imeshika?" Benadetha aliuliza kutoka chini.

"Imeshika, mke wangu."

"Basi shuka unisaidie. Watu wamejaa."