Moshi Kwenye Gunia Namba Ishirini na Saba

Kila asubuhi ya msimu wa kahawa, kabla hata ya kunawa uso, Atuganile alitoka nje na kufunua turubai lililofunika vichanja nyuma ya nyumba. Aligeuza kahawa kwa viganja, akachambua punje zilizovunjika na zilizokuwa nyeusi, ndipo akaenda kuwasha moto wa chai. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba, na kazi hiyo aliijua tangu hajaanza shule.

Waliishi yeye na mama yake katika kijiji kimoja cha Mpuguso, wilayani Rungwe, ambako migomba na mikahawa huota pamoja mpaka mlangoni. Mama yake, Tulinagwe, alikuwa mkaguzi wa ubora wa kikundi cha wakulima wa kahawa. Alipita nyumba kwa nyumba kuangalia kama watu wanachuma zilizoiva tu, na kama wanakausha juu ya vichanja badala ya kuanika chini.

Miaka minne nyuma, kikundi hicho kilifunga mkataba na wanunuzi wa ng'ambo. Watu hao walifika wenyewe mashambani, wakala ndizi na wakulima, wakakubaliana nao bei kabla ya mavuno. Tangu hapo, hakuna mlanguzi aliyewapangia wanakikundi bei barabarani. Wao kwa upande wao waliahidi mambo mawili: kutoa kahawa safi, na kusema mapema pakitokea kasoro. Kila gunia liliandikwa namba ya mkulima. Ya kina Atuganile ilikuwa ishirini na saba.

Mwanzoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, mama alipigiwa simu kwamba mdogo wake amelazwa hospitali Mbeya. Alifunga nguo chache kwenye mfuko, akasimama mlangoni.

"Atu, nitakaa siku nne. Mvua ya huku haipigi hodi, unaijua. Usiende mbali na kahawa. Ikilowa, mwite babu Nsajigwa hapo jirani haraka akuelekeze cha kufanya."

"Sawa, mama."

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili mchana, rafiki yake Neema alifika akihema.

"Wasichana wa Isongole wameshafika uwanjani! Bila wewe nani atatufungia? Twende, mpira wa pete hauchukui hata saa moja."

Atuganile alitazama juu. Anga lilikuwa jeupe. Akaona kufunika kahawa ni kuichelewesha kukauka, akaiacha wazi, akakimbia.

Kipindi cha pili kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza mvua iliposhuka. Alirudi mbio huku akiteleza kwenye matope. Alikuta kahawa imelowa chepechepe, nyingine imesombwa mpaka chini ya migomba.

Kumwita babu Nsajigwa kulimaanisha kueleza alikokuwa. Atuganile hakumwita. Aliikusanya kahawa yote kwenye beseni, akaipeleka jikoni, akaitandaza kwenye kichaga cha juu ya mafiga, mahali wanapokaushia mahindi ya mbegu. Siku mbili nzima alichochea kuni mbichi huku macho yakimtoka machozi kwa moshi. Kahawa ikakauka.

Mama aliporudi alikuwa hoi kwa uchovu. Alitumbukiza mkono kwenye kahawa, akasikia inavyolia kwa ukavu, akatabasamu. "Kweli umekuwa mtu mzima, mwanangu." Akaichanganya na ile ya mwanzo, akajaza magunia mawili, yakapelekwa kwenye ghala la kikundi. Mama huyo alinusa kahawa ya kila mtu kijijini. Ya nyumbani kwake hakuinusa.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, wanakikundi waliitwa ghalani. Atuganile alikuwa nyuma, akiwamiminia watu chai. Mbele alisimama dada Aika, mwenyeji wa mji wa Moshi, mwonjaji wa kahawa wa wale wanunuzi. Siku hiyo hakuwa na utani wake wa kawaida.

"Nimeonja mara tatu," alisema. "Kuna moshi."

Watu wakaguna.

"Sampuli ile nilichota kidogo kidogo kwenye kila gunia, nikachanganya. Kahawa hunyonya harufu, na ukiishika haijakobolewa ni vigumu kujua. Magunia yako zaidi ya themanini. Kuonja moja moja kutachukua wiki mbili, na lori linakuja Ijumaa. Kiwandani ikishakobolewa, yote itakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo naomba, mwenye kujua lolote aseme. Kasoro tukijua ilipo, tunaweza kuitengeneza."

Watu wakatazamana. Kisha sauti ikatoka pembeni: "Si kuna tanuri la matofali kwa mzee Nsajigwa? Linafuka mwezi mzima!"

Vichwa vyote viligeuka. Mzee Nsajigwa alivua kofia yake taratibu. "Tanuri liko mbali na vichanja vyangu," alisema. "Lakini upepo... siwezi kuuapia."

Mwenyekiti, mzee Ambokile, alishauriana na wazee wawili, akasimama. Magunia ya Nsajigwa yangetengwa, na Alhamisi dada Aika angechukua sampuli mpya. Nsajigwa angeondolewa kikundini. Na kama moshi ungeonekana tena hata baada ya hapo, basi mzigo wote usingenunuliwa mwaka huu. "Mama Atu, wewe ni mkaguzi. Andika taarifa."

Atuganile alijaza kikombe mpaka kikafurika, chai ikammwagikia kidole. Hata hakuhisi.

Kuanzia saa hiyo, kila njia aliyoifikiria ilikuwa imezibwa. Akisema, mama yake ataonekana mkaguzi aliyeshindwa kukagua nyumba yake mwenyewe. Asiposema, mzee asiye na hatia atafukuzwa, na kahawa ya kijiji kizima itakataliwa kwa sababu ya magunia mawili ambayo yeye anayajua. Chakula alikiacha sahanini. Mama alipomuuliza kama anaumwa, alijibu kwamba ni kichwa tu.

Jumatano asubuhi alimwambia Neema bombani.

"Nyamaza," Neema alimnong'oneza. "Ijumaa lori likiondoka, yameisha."

"Na babu Nsajigwa?"

"Hapelekwi jela. Anatolewa tu kikundini."

Atuganile alijitwisha ndoo yake akaondoka. Alitamani maneno yale yampe nafuu, lakini hayakumpa.

Jioni mama alimtuma kwa mzee Nsajigwa kurudisha ungo. Alimkuta anamwaga maji kwenye tanuri. Moto ulikuwa unalia na kuzima, na matofali ambayo hayajaiva yalikuwa yakipasuka moja baada ya jingine.

"Babu! Mbona unayaharibu? Si ulisema ni ya kuta za nyumba yako?"

Mzee aliweka ndoo chini, akajifuta jasho. "Nimewaza sana, mjukuu wangu. Mwanzoni nilijua si mimi. Sasa sijui tena. Labda ni mimi kweli. Kama moshi wangu umeharibu jasho la watu, siwezi kulala nikiuona unafuka." Akaupokea ungo kwa mikono miwili. "Ndaga fijo. Mwambie mama yako ahsante."

Atuganile alirudi nyumbani akikimbia. Angeweza kuvumilia kumwona mzee amekasirika. Kumwona ameanza kujishuku kwa kosa ambalo si lake, hilo lilimshinda. Lakini alipofika, mama alikuwa ameinamia karatasi ya taarifa, macho mekundu.

"Unajua, Atu, mzee huyu ndiye aliyenifundisha kupogoa mikahawa nilipoolewa huku? Leo namwandikia barua ya kumfukuza. Lakini nikimpendelea mmoja, nani ataniamini tena?"

Atuganile, aliyekuwa amekuja kusema, aligeuka akaenda jikoni kuosha vyombo.

Alhamisi asubuhi alimfuata mama ghalani, nyuma kwa hatua chache. Dada Aika alikuwa tayari ameshika kifaa cha kuchotea sampuli. Magunia ya Nsajigwa yalikuwa yamesukumwa nje ya mlango, na mwenyewe amesimama kando yake, kofia mkononi. Mzee Ambokile alimpa mama kalamu.

"Weka sahihi hapa, mama Atu."

"Usiweke, mama!" Atuganile alisikia sauti yake mwenyewe ikipasuka. "Si babu. Ni mimi!"

Mama aligeuka. "Atu, nenda nyumbani."

"Siendi. Kahawa ililowa wakati uko Mbeya. Nilikuwa mpirani. Nikaikausha jikoni, juu ya mafiga, siku mbili. Ni magunia yetu, namba ishirini na saba. Babu hakufanya kitu."

Mama alibaki ameshika kalamu hewani, uso wake umebadilika kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. Atuganile alitamani kukimbia. Alisimama pale pale akilia.

Dada Aika ndiye aliyesogea kwanza. Aliyatafuta magunia mawili, akayavuta pembeni, akachota sampuli yake peke yake. Kisha akaagiza magunia ya Nsajigwa yarudishwe ndani, akachota sampuli nyingine kwenye yote yaliyobaki. "Kesho alfajiri nitawapigia," alisema.

Mama aliichana ile taarifa vipande viwili. Alimwendea mzee Nsajigwa, akapiga magoti. "Nisamehe, baba. Nilinusa kahawa ya kila mtu, ya kwangu sikuinusa. Mtoto alikosea, lakini mkaguzi ni mimi."

"Inuka, mwanangu," mzee alisema, akamshika mkono. Kisha akamtazama Atuganile. "Na wewe njoo. Jumamosi tutafyatua matofali mengine, mimi na wewe. Sikuachii hilo." Watu wakacheka kidogo, na pumzi ikarudi ghalani.

Ijumaa simu iliita kabla jua halijachomoza vizuri. Moshi ulikuwa katika magunia mawili tu. Mengine yote yalikuwa safi, na lori likaondoka nayo. Mama alimwomba mwenyekiti amteue mtu mwingine wa kukagua shamba lake kuanzia siku hiyo. Magunia namba ishirini na saba yaliuzwa mchana huo sokoni Tukuyu kwa bei ya chini, na mama hakumficha mnunuzi sababu.

Njiani kurudi kutoka sokoni, Atuganile aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimekuaibisha?"

"Umeniaibisha, ndiyo, sitakudanganya. Lakini sikiliza. Kwenda mpirani lilikuwa kosa dogo. Ungemwita babu siku ile, tungepoteza kahawa kidogo tu. Kuficha ndiko kulikolikuza, mpaka likataka kummeza mtu asiye na hatia na kijiji kizima. Wale wanunuzi wako mbali, hawatuoni tukianika wala tukichambua. Wananunua kwa sababu wanaamini tunayowaambia. Siku tukiwadanganya, hata kahawa iliyo safi haitatusaidia. Kwa hiyo ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa."

"Nitasema, mama."

"Najua. Jana ulisema mbele ya watu wazima thelathini. Mimi sijui kama ningeweza nikiwa na umri wako."

Wakaendelea kupanda kilima, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, Atuganile alihisi njaa.