Betri Imekatwa, Umeme Umebaki

Mama Pacha alikuwa na sheria moja nyumbani: pete ya ndoa haivuliwi. Mumewe, fundi wa malori, aliwahi kuivua akaitia mfukoni, akaenda kwa mwanamke mwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi kila asubuhi mume alikaguliwa kidole kabla ya kutoka.

"Kazini wanataka tuvue," Baba Pacha alimwambia siku moja.

"Wakitaka pete, wakaoe."

Mume akatoka nayo kidoleni. Mwenye kosa hana mdomo.

Jumatatu alikuwa akitengeneza lori ambalo injini yake huwashwa kwa superkapasita, kifaa cha umeme kinachosaidiana na betri. Alikata waya za betri, akaamini umeme umekwisha. Spana yake ilikuwa imeshika ncha moja ya superkapasita. Mkono ukateleza, na pete ikabanwa kati ya spana na ncha ya pili. Dhahabu ikawa nyekundu papo hapo. Hospitalini walikikata kidole.

Fundi mkuu, mwanamke waliyemwita Bi Mita kwa kupenda kupima kila kitu, alikaa na Mama Pacha kwenye benchi nje ya wodi.

"Si alikata betri?" Mama Pacha aliuliza. "Umeme ulitoka wapi?"

"Ulikuwa umehifadhiwa kwenye superkapasita. Ndani mna mabamba yaliyopakwa kaboni, ndugu wa makaa ya kupikia. Kaboni hiyo ina vitundu vingi mno, na chaji hujishika kwenye kuta za vitundu hivyo. Betri ina kemikali zinazopaswa kubadilika kwanza ndipo itoe umeme. Hii haisubiri. Hujaa upesi, na hutoa upesi, kwa nguvu nyingi."

"Angefanyaje?"

"Angeimaliza chaji taratibu kwa kuipitisha kwenye rezista, kifaa cha kupunguza kasi ya umeme, kisha apime kwa mita mpaka isome sifuri. Na asingevaa pete. Nilimwambia, dada yangu. Akasema ana mke."

Mama Pacha alilia, na hakutaka kubembelezwa.

Sasa karakanani hakuna anayeshika spana kabla ya kupima, na pete zote huachwa ofisini. Mwaka umepita bila fundi kuungua. Bi Mita alipowaita wake wa mafundi kuwaeleza hayo, mmoja aliguna kwamba wanaume hawaaminiki. Mama Pacha akasimama.

"Hata wangu hakuaminika," alisema. "Nikamlazimisha avae pete. Akanitii mpaka kidole kikakatwa. Waacheni waume zenu wavue."